Nilivuja damu nilipojifungulia nyumbani: je, nirudie?

Maswali ya wasomaji kuhusu uzazi. Anajibu mkunga mshauri wetu.

SWALI

Mkunga wetu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 31, na sasa nina ujauzito wa wiki 22. Mtoto wa kwanza nilimzaa hospitali. Kitabibu hakukuwa na tatizo lolote, lakini nilifokewa, nililazwa chali kwa saa nyingi, na mtu niliyemtaka awe nami alizuiwa mlangoni. Kwa sababu hiyo mtoto wa pili nikaamua kumzalia nyumbani, nikiwa na mkunga aliyesomea kazi yake. Uchungu ulikwenda vizuri, nikatembea nitakavyo, nikaoga maji ya uvuguvugu, na mtoto akazaliwa saa 10 alfajiri akilia. Sijawahi kuwa na furaha kama ya saa ile. Kisha kondo la nyuma likakawia. Sikuchomwa sindano yoyote, kwa kuwa mwenyewe niliomba mambo yaende yenyewe. Lilipotoka saa 11 lilitoka vipande, na hapo hapo damu ikaanza kumwagika. Gari lilipatikana baada ya dakika 20, safari ikachukua dakika 40, na nilipofikishwa hospitali sikuweza hata kuinua kichwa. Niliingizwa chumba cha upasuaji, mabaki ya kondo yakatolewa kwa mkono, nikaongezewa chupa mbili za damu. Sasa mume wangu hataki hata kusikia habari ya kuzalia nyumbani, lakini mimi nikifikiria kurudi wodini nakosa usingizi. Nimesoma kwamba mama aliyekwisha kuzaa ana usalama uleule nyumbani kama hospitali. Je, safari hii nikijipanga vizuri zaidi, naweza kuzalia nyumbani tena?

Mama wa Wawili

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yote mawili: kwa damu uliyopoteza na kwa jinsi ulivyotendewa ulipomzaa mtoto wa kwanza. Nayataja pamoja kwa makusudi, kwa sababu wanaokukataza huitazama damu peke yake, na wanaokuhimiza urudie hutazama kule kufokewa peke yake, ilhali wewe unayabeba yote mawili. Nitaanza na jibu lenyewe ili usisome ukurasa mzima roho ikiwa juu. Kwa historia uliyoieleza, nakushauri mtoto huyu umzae katika hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana na yenye damu ya akiba. Uamuzi ni wako na hakuna mwenye haki ya kukuburuta, ila nisingekuwa mkweli kama ningekuambia kwamba kujipanga vizuri zaidi nyumbani kunatosha kuziba pengo lililojitokeza mara iliyopita.

Pengo hilo ni muda. Tuzihesabu dakika zako mwenyewe. Mtoto alizaliwa saa 10, kondo likatoka saa 11, gari likapatikana saa 11 na dakika 20, ukafika hospitali saa 12. Maana yake damu ilimwagika saa nzima kabla hujafika penye mkono wa kukusaidia, na bado ilibidi upokelewe, upimwe kundi la damu, uandaliwe kwa ganzi au usingizi. Mkunga wako simlaumu kwa kusubiri, maana mama ambaye hakuchomwa sindano ya kukaza mji wa mimba baada ya kuzaa anaweza kusubiriwa hadi saa moja kondo litoke lenyewe, mradi havuji damu. Aliyechomwa sindano husubiriwa nusu saa. Hata gari lingekuwa limeegeshwa mlangoni injini ikiunguruma, ungeokoa zile dakika 20 tu. Dakika 40 za barabarani zingebaki palepale, na hakuna mkoba wa mkunga unaobeba chumba cha upasuaji.

Ili uone kwa nini dakika ni kitu kikubwa namna hiyo, fikiria mji wa mimba ulivyo siku ya kujifungua. Damu inayopita humo kila dakika ni takriban nusu lita au zaidi kidogo, na mwili mzima wa mama mjamzito una lita 6 hivi. Kondo linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoifunga mwanzoni si kuganda kwa damu, bali misuli ya mji wa mimba yenyewe, ambayo nyuzi zake zimepishana kuizunguka mishipa hiyo na huikaba mji unapojikaza. Kipande cha kondo kikibaki ndani, mji haujikazi sawasawa, kama mlango usiofungika kwa sababu ya jiwe lililokaa kizingitini. Unaweza kuusukuma mlango huo usiku kucha. Mpaka jiwe litolewe, hautafunga. Dawa za kukaza mji wa mimba husaidia sana pale tatizo linapokuwa ni ulegevu wa misuli, na ulegevu ndio chanzo cha visa vingi zaidi vya kuvuja damu baada ya kuzaa. Lakini kwako wewe lilikuwepo jiwe, na jiwe hutolewa kwa mkono, chumbani, mama akiwa amepewa dawa ya ganzi au usingizi.

Naomba nikuonyeshe kitu ambacho sisi wakunga hukiona na mama mwenyewe hakioni. Baada ya kuzaa tunaweka kiganja chini kidogo ya kitovu. Mji uliojikaza hukutana na kiganja kama mpira uliojazwa upepo vizuri, mgumu na wa mviringo. Mji uliolegea hauonekani. Vidole vinazama, unatafuta kingo huzipati, na ukisugua damu hutoka kwa mkupuo pamoja na mabonge. Nakumbuka usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, mama aliyekuwa akiongea nami kwa utulivu huku akimtazama mwanawe. Presha yake ilikuwa nzuri. Nilipomshika mkono mapigo yalikuwa 124 kwa dakika, na ngozi yake ilikuwa baridi na yenye jasho jembamba. Akasema, "Mkunga, nina kiu." Nilipofunua shuka nikainua kitambaa kilichokuwa chini yake, kilikuwa kizito mkononi, na godoro chini yake lilikuwa limelowa. Mwili wa mwanamke kijana hujikaza kisabuni kuficha upungufu: moyo hukimbia kwanza, presha hukaa palepale kwa muda, kisha huporomoka kwa ghafla. Alipona, kwa sababu chumba cha upasuaji kilikuwa upande wa pili wa ukumbi.

Jicho, tena, hudanganya. Damu iliyonyonywa na mashuka na godoro huonekana ndogo kuliko ilivyo, na hata wataalamu wenye uzoefu hukadiria chini. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya laki 2. Mama aliyejifungua aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na damu ilipofikia kiwango cha hatari alipewa huduma zote kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine: kusugua mji wa mimba, dawa ya kuukaza, dawa ya kuzuia damu iitwayo asidi ya traneksamiki, dripu, na uchunguzi wa kutafuta chanzo. Kuvuja damu kwingi, upasuaji wa tumbo kwa ajili ya damu na vifo vyake, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Nakutajia jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba kinachookoa si dawa fulani ya ajabu. Ni watu kadhaa walio tayari, wakifanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Nyumbani kuna mkunga mmoja au wawili, na mmoja wao huenda ameshika mtoto.

Sasa nije kwenye lile ulilosoma. Hukudanganywa, lakini ulisoma habari za wanawake wengine. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 64,000, ulionyesha kwamba kwa mama aliyekwisha kuzaa, mtoto hakuwa katika hatari kubwa zaidi nyumbani kuliko hospitali. Ulionyesha pia kwamba hata miongoni mwa hao waliopanga kuzalia nyumbani, karibu 12 katika kila 100 walihamishiwa hospitali wakati wa uchungu au mara baada ya kuzaa. Jambo la kuangalia ni kwamba hesabu hizo ni za wanawake wasio na hatari inayojulikana. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya huko huko Uingereza, ambao unawapa akina mama nafasi pana ya kuchagua nyumbani, unawataja kwa maneno wale wanaoshauriwa kujifungulia hospitali, na ndani ya orodha hiyo wamo waliovuja damu hadi kuhitaji tiba ya ziada au kuongezewa damu, pamoja na waliotolewa kondo kwa mkono katika chumba cha upasuaji. Wewe umo mara mbili.

Je, itajirudia? Huenda isijirudie, na ni haki yako kulijua hilo pia, maana kuna watu watakaokuzungumzia kana kwamba umekwisha kuhukumiwa. Kumbukumbu za uzazi za Uswidi zilipochambuliwa, wanawake waliovuja damu katika uzazi wa kwanza walivuja tena katika uzazi wa pili kwa kiwango cha asilimia 15 hivi, dhidi ya asilimia 5 kwa wale ambao hawakuvuja. Hatari ni mara tatu, lakini wengi hawakupatwa tena. Ugumu wake ni kwamba hakuna kipimo kitakachotuambia mapema kama wewe utakuwa miongoni mwa wale 15 au wale 85. Uchungu unaweza kwenda vizuri mpaka mwisho, kama ulivyokwenda mara ile, na hatari ikaingia baada ya kila mtu kushusha pumzi.

Kuna kazi ya kufanya kuanzia wiki hii, na sehemu yake kubwa inahusu kujua kilichotokea. Nenda hospitali iliyokutibu ukaombe muhtasari wa matibabu yako, hata kama ni karatasi moja. Nataka ujue damu ilikadiriwa kuwa kiasi gani, kama mji wa mimba ulikwanguliwa, kama kulikuwa na mpasuko wa shingo ya kizazi au msamba, na kama daktari aliandika kwamba kondo lilikuwa limeng'ang'ania ukutani au lilikuwa limebaki tu. Maneno hayo mawili yana tofauti kubwa. Kondo lililobaki ni bahati mbaya inayoweza kutokea kwa yeyote. Kondo lililoshikamana na ukuta wa mji wa mimba linaweza kushikamana tena, hasa mahali palipowahi kukwanguliwa. Kwa hiyo mwombe daktari akuandikie kipimo cha ultrasaundi cha kuangalia kondo limekaa wapi safari hii, na umweleze mpimaji historia yako kabla hajaanza kupima, maana asiyejua anachotafuta hupita juu yake.

Kisha damu yako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito ana upungufu wa damu ikiwa hemoglobini, yaani ule wekundu wa damu unaopimwa kliniki, iko chini ya gramu 11 kwa desilita, ikishuka kidogo hadi 10.5 katika miezi ya katikati. Ulipoteza damu nyingi, ukanyonyesha, ukashika mimba nyingine. Sitashangaa ghala lako la madini ya chuma likiwa tupu. Pima sasa, upime tena karibu na wiki ya 28 na wiki ya 36. Vidonge vya madini ya chuma visinywewe pamoja na chai, kahawa, maziwa wala vidonge vya kalsiamu, kwa sababu huzuia madini hayo kufyonzwa. Vikikusumbua tumbo usiviache kimyakimya kama wengi wafanyavyo. Sema, ubadilishiwe au uchomwe sindano ya mshipani. Mama anayeingia leba akiwa na hemoglobini ya 12 anaweza kupoteza lita moja ya damu na akasimama kesho yake. Mwenye 8 hawezi.

Sasa nizungumze juu ya hofu yako, ambayo siichukulii kama jambo dogo la pembeni. Kufokewa si sehemu ya tiba. Kulazwa chali kwa saa nyingi hakumsaidii mtoto wala mama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu unasema wazi kwamba mama mwenye uchungu atendewe kwa heshima, awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe, aruhusiwe kutembea, na achague mkao wa kuzalia. Ninaona aibu kwa niaba ya wenzangu waliokufanya uione wodi kama mahali pa kuadhibiwa, na nasema hivi nikijua kwamba mwanamke anayekimbia hospitali kwa sababu ya matusi, akavujia damu nyumbani, ameumizwa na matusi yale pia.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo ambalo huenda hukupewa nafasi ya kulifanya mara ya kwanza. Zitembelee hospitali mbili tatu kabla ya wiki ya 32, ukiwa na mume wako au dada yako, na umwombe mkunga msimamizi wa leba akupe robo saa. Muulize kama mwenzi anaruhusiwa kukaa nawe muda wote, kama unaweza kutembea na kuzaa ukiwa umepiga magoti au umelala ubavu, kama mtoto atawekwa kifuani mwako mara tu anapozaliwa, na nani huwa zamu usiku mwenye uwezo wa kutoa kondo kwa mkono. Msikilize anavyojibu, namna anavyokujibu siku hiyo, ukiwa na nguo zako na akili zako timamu, itakuambia mengi. Andika ukurasa mmoja wa mambo unayoyataka, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, uandike: "Nilivuja damu na kutolewa kondo kwa mkono uzazi uliopita." Mkunga mzuri akisoma mstari huo hataudhika na mistari iliyo chini yake. Na yule mkunga wako wa nyumbani usimwache. Mwombe aje kama mwenzi wako wa leba; uso unaoujua na mkono unaouamini vinaweza kuvuka lango la hospitali, wakati chumba cha upasuaji hakiwezi kuja kwako.

Siku yenyewe usingoje uchungu ukolee, kwa sababu mtoto wa tatu anaweza kuja haraka kuliko barabara inavyoruhusu, na kama unaishi mbali ni vyema kuhamia karibu na hospitali wiki mbili kabla ya tarehe yako. Ukifika, waombe wakuwekee kanula mkononi mapema na wachukue damu ya kupima kundi na kuandaa chupa za akiba. Kanula ni kijimrija kidogo tu. Haikuzuii kutembea wala kuoga. Mara ile uliomba usichomwe sindano baada ya mtoto kutoka. Safari hii nakusihi ukubali sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10, ndani ya dakika ya kwanza, maana inapunguza sana uwezekano wa kuvuja damu na haigusi lolote kati ya yale unayoyathamini. Kitovu kinaweza kungoja dakika moja hadi tatu kabla ya kukatwa, mtoto akiwa kifuani, ananyonya. Kondo likitoka wakague mbele yako kama limekamilika. Kaa saa 24 angalau. Baada ya hapo, hali ikiwa njema, rudi nyumbani kwako ukalale kitandani pako na wanao watatu.

Mume wako, mwanangu, naye alikuwepo alfajiri ile. Wewe ulipoteza fahamu nusu; yeye aliona yote. Kaeni mzungumze juu ya saa ile, kabla ya kuzungumza juu ya mahali pa kuzalia.

SWALI

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji miaka mitatu iliyopita baada ya uchungu kukwama. Sasa ni mjamzito na anataka kuzaa kwa njia ya kawaida, jambo ambalo daktari amelikubali. Lakini yeye anataka iwe nyumbani, akisema hospitali watamkimbiza tena kwenye kisu. Nimweleze nini?

Mume Mwenye Wasiwasi

JIBU

Mweleze kwanza kwamba matumaini yake yana msingi. Wanawake wengi waliopasuliwa mara moja huzaa kwa njia ya kawaida safari inayofuata, na miaka mitatu ni nafasi nzuri kwa kovu kukaza. Kinachomfanya asizalie nyumbani ni kovu hilo hilo. Katika uchungu linaweza kuachia, jambo linalotokea kwa takriban mama mmoja katika kila 200 wanaojaribu, na linapoachia mtoto hukosa hewa ndani ya dakika chache huku damu ikimwagikia tumboni ambako hakuna anayeiona. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya moyo wa mtoto kushuka, ndiyo maana katika leba ya namna hii mapigo hayo hufuatiliwa muda wote na timu ya upasuaji hukaa tayari. Tena, usimwambie kwamba anaogopa bure kukimbizwa kwenye kisu. Nendeni pamoja kwa daktari, mkaulize ni katika hali zipi hasa atapasuliwa, na ni kwa muda gani ataachwa ajaribu ikiwa yeye na mtoto wanaendelea vizuri. Mwanamke akijua mipaka iliyowekwa na sababu zake, hujisikia mshiriki katika uamuzi.

SWALI

Mdogo wangu alivuja damu uzazi uliopita na amekataa katakata kwenda hospitali. Tumesema mpaka tumechoka. Amepata mkunga wa kumzalisha nyumbani. Nitakuwepo siku hiyo. Nifanye nini ikitokea tena?

Dada Mkubwa

JIBU

Endelea kuzungumza naye, lakini usifanye uhusiano wenu uwe gharama ya mazungumzo hayo, kwa kuwa siku ile atakuhitaji. Mambo ya kukubaliana naye ni ya sasa, akiwa na utulivu: kwamba wakunga watakuwa wawili, mmoja wa mama na mmoja wa mtoto, kwamba watakuwa na dawa ya kukaza mji wa mimba, na kama ni oksitosini imehifadhiwa penye baridi, kwa sababu joto huiharibu, kwamba watakuwa na kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, kwamba gari na dereva watakuwa nyumbani tangu uchungu unapoanza, na kwamba hospitali ya karibu yenye upasuaji imearifiwa. Mkubaliane pia, kwa maandishi, dalili zitakazomwondoa nyumbani bila mjadala: kondo kutotoka ndani ya nusu saa, damu inayochuruzika bila kukoma au kutoka kwa mkupuo, mapigo ya moyo kuzidi 100 na kubaki huko, kizunguzungu, kutotulia. Mwenye kupoteza damu huanza kukataa mambo, husema yuko sawa. Ndiyo maana idhini yake itafutwe mapema.

Damu ikianza, muondoke. Usisubiri kuona kama itapungua. Wakati gari linasogezwa, mkunga asugue mji wa mimba mpaka uwe mgumu na ampe dawa, mdogo wako akojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mji kujikaza, na mtoto awekwe ziwani. Alale, afunikwe, asipewe chakula kwa kuwa huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Kondo likiwa bado ndani, mtu asivute kitovu kwa nguvu. Mtu asimsokomeze vitambaa ukeni kuzuia damu. Vitaificha tu, na mtafika mkidhani imekoma.

Wewe shika kalamu. Andika saa mtoto alipozaliwa, saa kondo lilipotoka, dawa aliyopewa na saa yake. Asidi ya traneksamiki, kwa mfano, hufaa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe, na daktari atakayempokea atakuuliza saa hiyo kabla ya kukuuliza jina lake. Kondo lenyewe litie kwenye mfuko safi uende nalo, hata kama limetoka vipande, ili walitandaze mezani waone kama kuna sehemu iliyobaki ndani.